Sura ya Pili: Ngomeni na Njia ya Ikweta

Ukitoka Malindi kwa barabara ya Lamu, ukavuka Mto Sabaki, ukaipita Mambrui na mashamba ya chumvi ya Gongoni, utakuta njia inayokata kulia kuelekea baharini hadi Ngomeni, kijiji cha wavuvi. Kutoka ufukweni hapo, ndani ya Ghuba ya Ungwana, yanaonekana majukwaa ya chuma yaliyosimama majini kwa miguu mirefu. Mgeni hudhani ni mabaki ya watafutaji mafuta, na kwa jukwaa mojawapo, lile la Santa Rita, hayuko mbali na ukweli: lilijengwa kwa kazi hiyo kabla ya kuletwa huku. Lakini kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi tisa zilipaa kutoka jukwaa la pili, San Marco, kila moja ikiwa na setilaiti, na zote tisa zilifika zilikokusudiwa.

Vitabu vya utangulizi wa sayansi ya anga huanzia kwa Sputnik, vikaenda Mwezini na Apollo, vikamalizia kwa picha za sayari za mbali. Utaratibu huo hauna kosa la kitaaluma. Ninaukwepa kwa sababu unamfanya mwanafunzi wa Eldoret au Dodoma aamini kwamba elimu hii ilitokea kwingine na yeye amekuja kuitazama tu. Ngomeni inatosha kutufundisha sehemu kubwa ya misingi: kwa nini setilaiti haianguki, kwa nini roketi ni kubwa kuliko mzigo wake, kwa nini mahali pa kurushia pana maana, na jinsi takwimu zilizokusanywa juu zinavyogeuka kuwa maarifa. Tutakwenda na hesabu. Kaa na kalamu karibu.

Kuanguka bila kufika chini

Wengi waliosoma fizikia ya sekondari bado wanaamini kuwa setilaiti hubaki juu kwa sababu imetoka nje ya uvutano wa Dunia. Si hivyo. Kwenye kimo cha kilomita 550 uvutano bado una takriban asilimia 85 ya nguvu ulizo nazo hapa chini. Setilaiti iliyo pale inaanguka muda wote. Kinachoiokoa ni mwendo wake wa pembeni.

Isaac Newton alilieleza hili kwa kuwazia mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu sana. Tuuhamishie mzinga huo Mlima Kenya, ambao uko karibu kabisa na ikweta, na tujifanye hakuna hewa wala mlima mwingine njiani. Unafyatua jiwe kuelekea mashariki, sambamba na ardhi. Katika sekunde ya kwanza jiwe litashuka mita 4.9, liwe limefyatuliwa polepole au kwa kasi kubwa. Uvutano haujali mwendo wa pembeni. Sasa kumbuka kuwa Dunia ni mviringo. Ukienda kilomita 8 kwa mstari ulionyooka kabisa, uso wa Dunia utakuwa umepinda na kushuka kama mita 5 chini ya mstari wako. Kwa hiyo fyatua jiwe kwa kasi ya kilomita 7.9 kwa sekunde. Litaanguka mita 4.9, na ardhi chini yake itakuwa imeshuka kiasi kilekile. Sekunde ya pili vivyo hivyo. Baada ya dakika 84 hivi jiwe litatokea upande wa magharibi na kukupita kichwani, likiwa limeizunguka Dunia nzima bila kuikaribia hata kidogo. Hiyo ndiyo obiti.

Fanya hesabu ya nishati utaona jambo ambalo picha za roketi haziliambii jicho. Kuinua kilo moja hadi kimo cha kilomita 550 kunahitaji takriban megajuli 5. Kuipa kilo hiyohiyo kasi ya kubaki huko, kilomita 7.6 kwa sekunde, kunahitaji karibu megajuli 29. Roketi huanza kwa kupanda wima ili itoke haraka kwenye hewa nzito, lakini kazi yake kubwa inaifanya baadaye, imelala, inakimbilia upeo wa macho.

Gharama ya kasi hiyo iliandikwa mwaka 1903 na Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga nchini Urusi, aliyekuwa na uziwi tangu utotoni. Kanuni yake ni fupi: badiliko la kasi ya roketi ni sawa na kasi ya gesi inayotoka nyuma, mara logi asilia ya uwiano kati ya tungamo la mwanzo na tungamo la mwisho. Jaribu na namba halisi. Fueli ngumu hutoa gesi kwa kasi ya kama kilomita 2.6 kwa sekunde. Ukijumlisha kasi ya obiti na kile kinachopotea kwa uvutano na hewa njiani, unahitaji badiliko la kilomita 9.4 hivi kwa sekunde. Gawanya: 3.6. Tafuta kinyume cha logi: karibu 37. Maana yake, katika kila kilo 37 zinazoondoka ardhini, 36 lazima ziwe fueli, na kilo moja inayobaki ndiyo igawanywe kati ya ganda la roketi, pua ya kutolea gesi, vyombo vya kuiongoza na setilaiti yenyewe. Hakuna ganda la chuma litakalokubali hesabu hiyo.

Jibu la wahandisi ni hatua. Roketi hujengwa kwa vipande vilivyopandana. Kila kipande kikimaliza fueli hutupwa, ili kinachofuata kisibebe ganda tupu. Scout, roketi ya Kimarekani iliyotumika Ngomeni, ilikuwa na hatua nne, zote za fueli ngumu. Ilisimama jukwaani ikiwa na takriban tani 20, na mzigo iliofikisha ulikuwa wa kilo mia na kitu. Mwanafunzi akiuliza kwa nini safari za anga ni ghali, mpe kwanza logi ya Tsiolkovsky. Siasa na biashara zitafuata baadaye.

Faida kubwa na faida ndogo

Luigi Broglio, profesa wa uhandisi wa ndege katika Chuo Kikuu cha Sapienza jijini Roma na ofisa wa jeshi la anga, alitaka Italia irushe setilaiti kutoka ikweta. Italia haina ardhi karibu na ikweta. Akapendekeza jukwaa la baharini, wazo lililowezekana kwa kuwa sekta ya mafuta ya nchi yake ilikuwa tayari na ujuzi wa kusimamisha chuma ndani ya maji. Mwaka 1962 Waitalia walikubaliana na NASA, ambayo ingetoa roketi za Scout na kuwafundisha kuzirusha. Setilaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa na Waitalia haohao kutoka Wallops, jimboni Virginia, Desemba 1964. Ya pili ilipaa kutoka Ngomeni tarehe 26 Aprili 1967. Waliokuwa wakiiendesha walikaa Santa Rita, na nyaya zilizolazwa chini ya maji zilipeleka amri zao hadi kwenye jukwaa la San Marco, ilikosimama roketi peke yake.

Kwa nini ikweta? Jibu linalotolewa kila mahali ni mzunguko wa Dunia. Mtu aliyesimama kwenye ikweta anachukuliwa kuelekea mashariki kwa mita 465 kila sekunde, na roketi inayopaa hapo huanza safari ikiwa na kasi hiyo mfukoni bila kuchoma fueli yoyote. Cape Canaveral, jimboni Florida, latitudo 28.5, inapata mita 408. Baikonur, Kazakhstan, karibu na latitudo 46, inapata 323. Ni faida ya kweli, lakini ukiilinganisha na kilomita 7.6 zinazohitajika, tofauti kati ya Florida na Ngomeni ni mita hamsini na kitu tu. Kama ingekuwa hiyo peke yake, nisingemshauri mtu asafirishe roketi hadi Bahari ya Hindi.

Faida kubwa iko kwenye mwinamo wa obiti. Bapa la obiti lazima lipite katikati ya Dunia. Kwa sababu hiyo, roketi iliyorushwa kutoka latitudo 28.5 bila kugeuzwa itazunguka kwenye bapa lililoinama angalau nyuzi 28.5 kutoka ikweta. Haina namna ya kupungua chini ya hapo. Ukitaka kuilaza obiti hiyo hadi ikweta ukiwa juu tayari, itabidi ugeuze mwelekeo wa kitu kinachokimbia kilomita 7.6 kwa sekunde. Chora pembetatu ya vekta mbili zenye urefu sawa na pembe ya nyuzi 28.5 kati yake. Upande wa tatu ndio badiliko la kasi unalolipia: mara mbili ya 7.6, mara saini ya 14.25, unapata kilomita 3.7 kwa sekunde. Ni karibu nusu ya kasi ya obiti yenyewe, na inapaswa kulipwa kwa fueli uliyokwisha kuipandisha juu. Ngomeni iko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Hesabu hiyohiyo inatoa kilomita 0.4, na mara nyingi hata hiyo si lazima kuilipa, kwa sababu mwinamo wa nyuzi 3 unatosha kwa kazi nyingi.

San Marco 2 yenyewe ilikwenda kupima hewa. Broglio alibuni kifaa kizuri kwa urahisi wake: tufe jepesi la nje, limeshikwa kwa mikono inayonyumbuka kwenye mwili mzito wa ndani. Hewa nyembamba ya huko juu ilipolisukuma tufe, mikono ilijipinda kidogo mno, na mpindo huo ukapimwa na kutumwa chini kwa redio. Hewa hiyo, ingawa chombo chochote cha maabara ya kawaida kingeiita ombwe, ndiyo inayozila setilaiti kasi yao na kuzirudisha chini. San Marco 2 ilipotea kwa njia hiyohiyo Oktoba mwaka uleule, imeungua ndani ya hewa iliyotumwa kuipima.

Uhuru

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, Scout nyingine ilipaa kutoka San Marco ikiwa na setilaiti ya NASA yenye uzito wa kama kilo 140. Marjorie Townsend, mhandisi aliyeusimamia mradi huo, alipendekeza iitwe Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kutazama mionzi ya eksirei inayotoka angani.

Eksirei za anga haziwezi kuchunguzwa kutoka ardhini, hata ukipanda Kilimanjaro. Hewa inazimeza zote, jambo ambalo sisi viumbe tunapaswa kulishukuru. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka White Sands, New Mexico, ili kuona kama Mwezi unarudisha eksirei za Jua. Mwezi haukuwapa walichotafuta. Badala yake walikuta chanzo kikali upande wa kundinyota la Nge, kinachoitwa leo Scorpius X-1. Shida ni kwamba roketi ya namna hiyo hukaa juu ya hewa dakika chache tu, kisha inaanguka. Miaka minane ya kurusha roketi kama hizo ilikuwa imewapa wanafalaki vipande vya dakika. Uhuru ilifanya kazi hadi 1973.

Kwa nini ilihitaji obiti ya ikweta? Uga wa sumaku wa Dunia umenasa protoni na elektroni katika mikanda aliyoigundua James Van Allen mwaka 1958. Juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini mkanda wa ndani unashuka hadi kimo cha kilomita mia kadhaa, na setilaiti inayopita pale hupigwa na chembe nyingi kiasi cha kushindwa kutenganisha chembe na eksirei. Obiti iliyolala karibu na ikweta inakwepa sehemu kubwa ya eneo hilo, na mandharinyuma ya kelele yanakuwa madogo na tulivu.

Chombo chenyewe kilikuwa sanduku la gesi lenye dirisha la beriliamu, chuma chepesi kiasi kwamba eksirei hupenya. Ndani umepita waya wenye volteji kubwa. Fotoni moja ya eksirei ikiingia inang'oa elektroni kutoka kwenye atomi ya gesi, elektroni hizo zinakimbilia waya zikiwang'oa wenzao njiani, na waya unatoa mpigo wa umeme ambao ukubwa wake unalingana na nishati ya fotoni. Masanduku yalikuwa mawili, yametazama pande zinazopingana, na mbele ya kila moja kulikuwa na vibamba vya chuma vya kuzuia mionzi isiyotoka mbele moja kwa moja. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa kama dakika 12, ikifagia anga.

Tafadhali angalia kilichokosekana hapo. Hakuna lenzi, hakuna kioo, hakuna picha. Uhuru haikuona kitu kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Ilituma orodha ndefu ya hesabu: fotoni ngapi katika kipande hiki cha sekunde, ngapi katika kinachofuata. Chanzo kilipopita mbele ya vibamba, hesabu zilipanda, kisha zikashuka. Kutokana na mipando na mishuko hiyo tu walipatikana wakazi 339 wa anga ya eksirei walioorodheshwa katika katalogi yake ya mwisho.

Chanzo kimojawapo, Cygnus X-1, kinastahili tukae nacho. Mng'ao wake ulibadilika ovyo na kwa haraka mno, ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Hilo peke yake linatoboa siri kubwa. Hakuna taarifa inayokwenda kasi kuliko mwanga. Kitu kikubwa hakiwezi kung'aa na kufifia kwa pamoja ndani ya muda mfupi kuliko ule ambao mwanga unautumia kukivuka, maana upande huu hauna njia ya kujua upande ule umefanya nini. Sehemu ya kumi ya sekunde kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde ni kilomita 30,000. Basi eneo linalotoa eksirei hizo lilipaswa kuwa dogo kuliko hapo. Kipenyo cha Jua ni kilomita milioni 1.39. Kulikuwa na kitu kidogo sana kinachotoa nguvu nyingi sana, na hili lilijulikana kwa kutazama jinsi namba zinavyocheza kwenye karatasi.

Mwaka 1971 darubini za redio zilisaidia kupata mahali pake hasa, na hapo palikuwa na nyota kubwa ya buluu yenye namba HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Kanada, waligundua kila upande kwa njia yake kwamba mistari ya mwanga wa nyota hiyo inasogea mbele na nyuma kila siku 5.6. Nyota ilikuwa inazungushwa na mwenzi asiyeonekana. Wingi wa msogeo ukatoa kasi, kasi na muda vikatoa tungamo, na tungamo la mwenzi likazidi kile ambacho nyota ya nutroni inaweza kubeba bila kuporomoka. Kilichobaki ni shimo jeusi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2021 vinalipa tungamo la Majua 21 hivi. Giacconi alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Mwaka huohuo wa 1970, miezi michache kabla ya Uhuru kupaa, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na Nairobi, Dar es Salaam na Makerere vikawa vyuo vikuu vinavyojitegemea. Orodha za hesabu kutoka kwenye setilaiti zilikwenda Massachusetts na zikachambuliwa huko. Naitaja sadfa hii kwa uchungu. Penseli, karatasi na fizikia ya mwaka wa pili vilitosha kufikia zile kilomita 30,000. Walimu na wanafunzi wenye uwezo huo walikuwapo kwenye vyuo vyetu vitatu. Namba ndizo hazikuwafikia.

Kinachonunuliwa na kisichonunuliwa

Roketi ya mwisho kutoka San Marco ilipaa Machi 1988, na tangu hapo majukwaa yanaliwa na chumvi. Kila mara habari ya kufufua kurusha Ngomeni inapozuka, watu husema ikweta ni utajiri ambao hakuna anayeweza kutunyang'anya. Hesabu tulizofanya zinatuwezesha kulipima dai hilo, na kwa maoni yangu linasimama nusu.

Desemba 2021 NASA na Shirika la Anga la Italia walirusha IXPE, setilaiti ya kupima mgawanyiko wa eksirei, yaani mwelekeo ambao mawimbi yake yamepangika. Kama Uhuru, ilihitaji kuzunguka juu ya ikweta, na sababu ilikuwa ileile ya mionzi. Ilirushwa kutoka Florida. Roketi ya Falcon 9, yenye uwezo wa kupeleka zaidi ya tani 10 kwenye obiti ya chini, ilipewa mzigo wa kilo 330 tu. Nguvu nyingi iliyobaki ilitumika kuligeuza bapa la obiti kutoka nyuzi 28.5 hadi chini ya nyuzi moja. Ile kilomita 3.7 tuliyoikokotoa ililipwa taslimu. Roketi zikiwa kubwa na bei ikiwa imeshuka, mwenye fedha anaweza kuinunua ikweta akiwa Florida.

Lakini hawezi kuinunua njia ya kurudisha takwimu. Fikiria setilaiti iliyo kimo cha kilomita 600, inazunguka juu ya ikweta yenyewe. Unaweza kuwa mbali nayo kiasi gani kwenye uso wa Dunia na bado ikaonekana juu ya upeo wako? Gawa nusukipenyo cha Dunia, kilomita 6,378, kwa 6,978, kisha tafuta pembe ambayo kosaini yake ni jibu hilo. Ni takriban nyuzi 24. Mtu aliye Roma, au Washington, au Florida kwenyewe, hatakuja kuiona setilaiti hiyo hata akingoja mwaka mzima. Lazima awepo mtu chini ya njia yake. Kwa IXPE mtu huyo yuko kwenye kituo cha kupokea takwimu cha Malindi, huku Singapore ikisaidia. Setilaiti inakamilisha mzunguko kwa dakika 97 hivi, na kwa kuwa Kenya nayo inasogea mashariki, inarudi juu ya Malindi kila baada ya dakika 104 hivi. Mpito mmoja, ukiondoa dakika ambazo iko chini mno karibu na upeo, unaacha kama dakika 10 za kuzungumza.

Kituo hicho, kinachobeba leo jina la Luigi Broglio, hakijawahi kunyamaza. Kimepokea takwimu za Swift inayofukuzia milipuko ya gama, za AGILE ya Waitalia, za NuSTAR iliyorushwa mwaka 2012. Mwaka 2022 IXPE iliitazama Cygnus X-1, shimo jeusi lilelile, na kukuta kwamba gesi ya moto inayotoa eksirei imetandaa sambamba na diski inayolizunguka, badala ya kusimama kama mnara juu yake. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia kuhusu kituo ulitiwa saini mwaka 2016, na mwaka uliofuata Kenya ikaunda Shirika lake la Anga. Ningependa kuona wanafunzi wa hapa wakizichambua takwimu hizo. Nyingi huwekwa wazi kwa umma kwenye intaneti, na programu za kuzisoma hazilipiwi.

Chuo Kikuu cha Nairobi kimekwisha kuanza kwa mkono mwingine. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti yake, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka maabara ya Kijapani ya Kibo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kilo moja na kidogo, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Sapienza, chuo cha Broglio. Rwanda ilifuata mwaka 2019 na Uganda 2022, nazo zikaachilia zao kutoka kituo kilekile. Taifa-1 ya Kenya ilipaa Aprili 2023 kutoka California.

Zoezi

Setilaiti nyingi ndogo za vyuo hutuma ishara kwenye masafa ya megahezi 435 hivi, bendi ya redio za ridhaa. Kupokea kunahitaji kipokezi kidogo cha USB, kompyuta, na antena unayoweza kuiunda kwa vipande vya waya na mbao. Kwa kutuma unahitaji leseni. Kusikiliza, hasa ukiwa na mwalimu wa maabara, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Chagua setilaiti, tafuta saa itakayopita kwako, na urekodi masafa ya ishara yake kila baada ya sekunde 5. Inapochomoza inakujia kwa karibu kilomita 7 kwa sekunde, na masafa yatakuwa juu ya yale yaliyotangazwa kwa kama kilohezi 10. Inapozama yatakuwa chini kwa kiasi hichohicho. Ni athari ya Doppler, ile iliyotumika kulipima shimo jeusi la Cygnus kwa msogeo wa mistari ya nyota. Oktoba 1957 William Guier na George Weiffenbach, katika maabara moja ya Maryland, waliipata njia nzima ya Sputnik kwa kusikiliza masafa yake yakishuka namna hii, na kutokana na kazi yao ukazaliwa mfumo wa kwanza wa kuongoza meli kwa setilaiti.

Chora grafu ya masafa dhidi ya muda. Utapata mstari unaoanza karibu kulala, unaporomoka katikati, kisha unalala tena. Sekunde ambayo mporomoko ni mkali zaidi ndiyo setilaiti ilikuwa karibu nawe zaidi, na ukali wenyewe unakupa umbali: ikipita kilomita 600 kutoka kwako, masafa hushuka kwa hezi 130 hivi kila sekunde, ikipita mbali mara mbili ya hapo, mshuko hupungua karibu nusu. Kokotoa umbali wako, ulinganishe na ule unaotokana na takwimu za obiti zinazochapishwa kila siku, na uandike kando chanzo cha kila tofauti unayoiona. Usiitupe grafu hiyo. Katika sura inayofuata tutaitumia kutafuta umbo la obiti nzima.